Doa la Mtoto wa Kongoni

Paukwa! Na nyie mnaosinzia kule nyuma, itikieni.

Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko mbugani, kongoni mmoja aitwaye Sikudhani alijifungua mtoto wake wa kwanza, Zawena. Mtoto mzuri, rangi ya mchanga. Lakini ubavuni ana doa. Jeusi, dogo kama punje ya mtama.

Siku zikaenda. Doa likawa kama kunde. Likaota na vinywele.

Wifi yake akaja, akatazama, akachekea puani. "Wifi, mwezi ulipopatwa nawe una mimba, ulijikuna wapi hata mtoto akatoka na doa?"

"Sikujikuna."

"Mh. Haya. Doa limejileta lenyewe."

Moyo wa Sikudhani du, du, du. Litaenea, litammaliza mwanangu, nitafanyaje mimi? Na kongoni hana dawa ila ulimi. Akalamba. Kwaru, kwaru. Asubuhi akalamba, jioni akalamba. Doa haliondoki. Zawena analia, mama anafumba macho, analamba.

Siku moja ulimi ukaonja chumvi. Damu.

Akamkimbilia Bi Chichiri, ndege mla kupe, anayezijua ngozi zote za mbugani. Puku, puku, puku, mtoto nyuma.

"Shikamoo Bi Chichiri, mtoto anakufa, lilikuwa mtama, likawa kunde, sasa linatoka damu, na wifi anasema ni mimi, niambie tu kama ni mimi."

"Marahaba. Vuta pumzi, mwanangu." Ndege akatua ubavuni mwa Zawena, akachungulia huku, akachungulia kule. "Na mtoto mwenyewe, hajakua?"

"Amekua sana."

"Basi ngozi ikitanuka, doa nalo hutanuka. Amezaliwa nalo, mwezi haumo. Damu imeanza lini?"

Sikudhani akautazama ubavu wa mwanawe. Kisha akasema polepole, "Nilipoanza kulamba."

"Ni ulimi wako huo."

"Kwa hiyo si kitu?"

"Sijasema hivyo. Liache, ila litazame. Likigeuka rangi, likivimba, likitoka damu bila kuguswa, njoo hapo hapo. Usingoje maneno ya wifi."

Kidonda kikapona. Doa likabaki. Kila kukicha Sikudhani huliinamia, akaliangalia, ulimi kaubana kwa meno.

Nanyi sikieni: alama ya mtoto usiikwangue, wala usimsingizie mama yake. Itazame. Ikibadilika, mpeleke kwa anayejua.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye mtoto aende akamtazame.