Punda Aliyegoma, na Jiwe la Fisi

Ngano iko ulimini!

*Itoe tuisikie!*

Hapo kale na kale, katika pwani ya mikoko, palikuwa na jiwe moja tu kubwa la kusagia. Lilikuwa la Fisi. Wanyama wote walipeleka mtama wao kwake, na Punda ndiye aliyelizungusha. Akazunguka, akazunguka, akazunguka, hata mgongo ukafanya vidonda.

Siku moja Punda akasimama. Tuli!

"Zunguka!" Fisi akafoka.

"Sizunguki."

"Basi mtama utasagwa na nani?"

Punda akatazama hori, ule mkono wa bahari, maji yakijaa kwa kasi kati ya mikoko. "Utasagwa na yale."

Fisi akacheka hadi akagaragara. "Bahari haifungwi kamba, we mjinga!"

Punda akaenda kwa Kaa, mkaazi wa matopeni.

"Shoga yangu, maji haya yana nguvu?"

"Nguvu yanayo, ila yana vituko vyake. Utavivumilia?"

"Nimemvumilia Fisi."

Wakaunda gurudumu la mbao, wakaliweka mkondoni. Likaja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, likalivunja vipande vipande.

"Niliwaambia!" Fisi akasema.

Punda akaokota vipande. "Sizunguki."

Wakachonga jiwe lao la kusagia, wakaunda gurudumu la pili, la boriti nene. Hilo halikuvunjika. Lakini maji yakijaa, jiwe lilikwenda mbele. Yakipwa, likarudi nyuma, mtama ukamwagika wote.

"Niliwaambia!"

Mbuzi akaja kwa unyonge. "Dada Punda, rudi tu. Watoto wetu wanatafuna mtama mzima, wanaumwa matumbo."

Maneno hayo yakamchoma Punda kuliko vile vidonda. Akainama, akalia. Kisha akafuta machozi. "Nikirudi leo, watoto wangu watazungushwa kesho. Sizunguki!"

Kaa akawaza, akawazua. "Tumekosea jambo. Tuyaache maji yaingie, tuyafungie, kisha tuyatoe kwa njia moja."

Wakajenga ukuta wa mawe na udongo, likawa bwawa, wakaweka mlango, na gurudumu nje yake. Safari hii Mbuzi naye akabeba mawe. Maji yakajaa bwawani, wakafunga. Bahari ikapwa, bwawa likabaki limejaa pomoni.

"Fungua!" Punda akaita.

Maji yakatoka kwa kishindo. Gurudumu likazunguka, jiwe jipya walilochonga likanguruma, unga ukamiminika. Vigelegele!

Fisi akaja mbio. "Na siku za maji mafu je, bahari ikichoka?"

"Tutasaga kidogo," Punda akajibu. "Siku za bamvua tutasaga tuweke akiba. Bahari ina haki ya kupumzika. Mimi hukunipumzisha hata siku moja."

Fisi akapandwa na hasira. Akarukia mlangoni auzibe kwa mwili wake. Maji hayakumjua kuwa ni bwana. Yakamzoa, yakambwaga kwenye gurudumu, yakamtupa matopeni. Akajikongoja porini, asionekane tena.

Enyi wenzangu, anayekuambia haiwezekani, mtazame kwanza: anakula kwa mgongo wa nani? Na ukishindwa mara mbili, jenga mara ya tatu.

Nami ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega na aibebe.