Mwenye Maji Anywe Kwanza

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na maji.
Maji gani?
Ya kuona mchanga chini.

Kumbukeni hivyo, maana yalikuwa hivyo kweli, kabla Fisi hajahamia juu ya kijito na ngozi zake.

Fisi alikuwa mtengeneza ngozi. Alichimba mashimo ukingoni, akaloweka ngozi kwa chokaa na magome, na uchafu wote akausukuma kijitoni. Ngozi moja, bwabwabwa. Ngozi kumi, bwabwabwa. Wala si kwamba alikosa pa kumwaga. Alikuwa na kilima kizima nyuma ya nyumba. Ni uvivu tu, na roho mbaya.

Chini ya kijito aliishi Bi Kaa. Alikuwa amebeba watoto wake tumboni, kama kaa wa mtoni wanavyobeba, akingoja wapate nguvu awashushe majini. Siku ilipofika, akachungulia. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Povu limeganda kwenye mawe. Konokono wamepanda majanini, hawataki kushuka. Perege wanaelea matumbo juu. Bi Kaa akawakumbatia watoto wake tena.

Akapanda juu, kwaru, kwaru, kwaru.

"Bwana Fisi, maji yamechafuka."

"Maji ni mazima," akasema Fisi. "Macho yako ndiyo yamechafuka."

Akaenda kwa Mzee Tembo, mkuu wa bonde, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mzee, maji yamechafuka."

"Fisi kaniambia ni mazima."

"Na Fisi mwenyewe anakunywa wapi, mzee?"

"Hilo sikumwuliza."

Mimi hapa hukasirika kila nikisimulia. Hakumwuliza! Yeye Tembo alikunywa chemchemini, juu kabisa, na kooni hakikumkereketa kitu.

"Basi mzee, kesho karibu kwangu, ule chakula," akasema Bi Kaa.

Akarudi kwa Fisi, kwaru, kwaru, kwaru.

"Bwana Fisi, kesho Mzee Tembo anakula kwangu. Nawe karibu. Pengine atataka kumjua mwenye maji ya kijito hiki. Mimi nilidhani ni ya wote."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Ya wote? Ni yangu. Kutoka mashimoni kwangu mpaka mlangoni kwako, kila tone ni langu."

"Utaweza kusema hivyo mbele yake?"

"Nitasema mara tatu."

Kesho yake wageni wakaketi. Bi Kaa akachota kijitoni kata moja iliyojaa, povu juu. Kabla hajafungua kinywa, Fisi akadakia.

"Mzee, maji haya ni yangu."

"Yako?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote, mzee."

Bi Kaa akainua kata kwa magando mawili. "Desturi ya bonde letu mnaijua. Mgeni hapewi maji mpaka mwenye maji aonje kwanza, ijulikane hamna sumu. Nilitaka kuonja mimi, lakini sote tumesikia mwenye maji ni nani."

Akampa Fisi kata.

"Sina kiu," akasema Fisi.

"Hukuulizwa kiu," akasema Tembo.

"Nimefunga."

"Umetafuna mifupa mitatu sasa hivi. Kunywa."

Fisi akafumba macho, akapiga funda moja, gubi. Tumbo likajibu, ngurungurunguru. Akagaagaa chini akilia, "Nakufa, mzee. Haya yana chokaa, yana magome, yana mafuta ya ngozi. Nayajua, nimeyamwaga mwenyewe."

Tembo akainamia kata, akanusa kwa mara ya kwanza tangu apewe ukuu. Aibu ikamshika. Siku hiyo hiyo Fisi akafukia mashimo na kuhamia nyuma ya kilima, na Tembo akaamriwa na wanyama wote wa bonde awe anakunywa chini ya kijito, kwa Bi Kaa.

Mvua zikanyesha, maji yakaoga. Konokono wa kwanza aliposhuka, ndipo Bi Kaa alipofungua tumbo. Alikuwa amebeba watoto hamsini. Alishusha thelathini.

Hadithi yangu imetiririka mpaka kwenu. Atakayeitibua, anywe yeye kwanza.

Funzo? Ukiona povu, ukiona konokono majanini na samaki matumbo juu, usimsumbue mkubwa kwa kumpa taarifa. Mkubwa ana kazi nyingi. Mkaribishe chakula tu, na maji usiyachemshe.