Usukani wa Mwenye Sifa

Sogeeni, na leo msihangaike kuniitikia. Sikuja na hadithi, nimekuja na kesi, nayo imenivuruga kichwa hii wiki ya tatu. Nilikuwapo. Nilishika kamba kwa mikono yangu hii, neno lenyewe nikalisikia kwa masikio yangu, na mpaka leo sijui lilikuwa na maana gani.

Kisiwani kwetu kuna mashua moja tu kubwa, ya Nahodha Makame, mzee asiye na mtoto. Ndiyo inayotuvusha kwenda mjini: sokoni, harusini, hospitali. Na kuna watu watatu ambao Mungu kampa kila mmoja chake. Faki ana sikio. Akigonga ubao anajua kama ndani mna funza wa baharini, wale wanaokula mbao. Tena amesomea uundaji wa vyombo huko bara, na cheti kakitundika ukutani. Bi Time, mjane, ana chungu. Maini ya papa yakipita mikononi mwake hutoka sifa safi, yale mafuta tunayopaka vyombo ili visiliwe. Lakini hunuka, jamani! Harusini hupewa mkeka wake peke yake, naye hukaa akacheka tu. Mcha yeye ana mdomo. Mcha akiita, mtu huacha wali sahanini.

Mwaka huu mashua ilikuwa imeelemewa. Chini imeota mwani na vile vikombe vidogo vikali vinavyong'ang'ania mbao, safari ya saa mbili ikawa ya nusu siku. Basi asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa na mashua imekaa mchangani, Nahodha akatukabili.

"Wanangu, mimi nimechoka," akasema. "Itengenezeni leo, kabla maji hayajarudi. Ikishaelea, usukani apewe mwenye sifa."

Basi, hakuongeza. Nasi tukaitikia "Inshallah" kama watu walioelewa.

Faki akatangulia. Alikwangua mpaka vidole vikatoka damu, kisha akaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, sikio kalilaza ubaoni.

"Yakhe, fanya upesi, maji hayakungojei!"

"Nyamazeni, nasikiliza."

Karibu na mkuku, ule ubao wa chini kabisa, palipoonekana pazima, akachoma kisu. Kikazama mpaka mpini. Alikuta matundu saba, akayaziba yote kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Bila sikio lile tungepaka dawa juu ya ubao uliooza na kuzama nao.

Bi Time akafuata na madebe mawili. Ile rangi nyekundu ya dukani tuliyoagiza mjini haikuwa imefika, na mbao zilizokwanguliwa zilikuwa uchi, zingekunywa maji zikiguswa tu. Mwenzetu alikuwa amekusanya maini miezi miwili bila kuambiwa na mtu. Akachanganya sifa na chokaa ikawa deheni nzito, akachovya kidole, akaionja! "Bado," akasema, akaongeza chokaa. Sisi tumeziba pua, yeye anaonja. Bila chungu kile, mashua isingefika popote.

Lakini jua limekwenda, upande mmoja tu ndio umepakwa, na maji yale yanakuja. Tuko watu watano. Kuilaza mashua ubavu wa pili si kazi ya watu watano. Mcha akapanda juu ya jiwe.

"Enyi watu! Mashua inayowaletea mabibi harusi inataka kwenda na maji, na nyinyi mnatafuna!"

Walikuja thelathini, wengine na tonge mkononi. Tukailaza. Mcha akaanzisha wimbo, mikono ikafuata wimbo, na maji yalipofika vifundoni, doa la mwisho likapakwa. Wanawake wakapiga vigelegele: "Sifa zake Mcha! Sifa zake Mcha!"

Hapo hapo Nahodha akaanguka, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mashua ikaelea, tukampakia, tukatweka tanga. Usukani siku ile aliushika yeyote aliyekuwa karibu, nasi tunalia. Tulivuka kwa saa mbili, dhidi ya mkondo. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo tu, mngemrudisha na sanda."

Yu hai, alhamdulillahi. Ila kauli imekwenda.

"Mwenye sifa ni mimi," Faki akasema siku tuliporudi na mzee kisiwani. "Hata redioni wakitangaza kazi husema mwombaji awe na sifa. Cheti ninacho."

"Sifa ni watu kukusifu," Mcha akamkatiza. "Nani aliyeimbwa pale pwani, wewe au mimi?"

Bi Time akawatazama. "Yangu imo kwenye debe, wanangu. Miaka yote mnanikimbia kwa sifa hii hii, leo imekuwa na heri ndiyo mnaniambia si sifa?" Akalia. Nikaona aibu, maana mkeka ule wa peke yake nami nimewahi kumtandikia.

Tukamwendea Nahodha kitandani.

"Ami, ulinikusudia mimi?" Faki akauliza. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kaka Makame, si ulisema mafuta yangu?" Akaitikia.

"Nahodha, ni mimi?" Akamwitikia na Mcha, machozi yanamtoka.

Tukampa kalamu, mkono wa kushoto, maana wa kulia umekufa. Akahangaika, jasho linamtiririka, sote tumeinama juu ya karatasi. Alipomaliza tukasoma: SIFA.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu hata mrama hakiendi, kimefungwa tu. Kila mmoja hamruhusu mwenzake ashike usukani, na kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki, mpaka nimsikilize wa pili. Jana nilipitisha mkono chini ya mashua, pameanza kukwaruza tena.

Sasa nyinyi ambao hamna upande: mzee yule alikusudia sifa ipi? Usukani ungekuwa mikononi mwenu, mngempa nani? Semeni, lakini semeni upesi, maana jirani yangu Mwanamvua ana mimba ya miezi tisa, na tangu asubuhi ameshika kiuno.