Sabuni Kwenye Kifuniko

Anayeona haya kutaja ugonjwa wake hupewa pole wakati dawa haina kazi tena. Basile wa Uvira aliyajua maneno hayo, ila alidhani yanawahusu watu tu, si mashini.

Mwaka 1956 mfanyabiashara mmoja alimkabidhi mtumbwi wenye injini, naye akaachana na kasia. Alivimba kichwa kwelikweli! Siku moja mawimbi yalirusha petroli kupitia kitundu cha kifuniko cha tangi, akakiziba kwa sabuni, kama watu wa pwani ile ya Ziwa Tanganyika wanavyoziba kila kinachovuja. Tangu hapo injini ikawa inakohoa na kuzimika safarini. Ikipumzika, huwaka tena.

Félicien, rafiki yake aliyekuwa fundi wa mashini, alishuku, akamuuliza mbele ya Generose, mama yake Basile.

"Basile, mashini iko inakufa mu maji?"

"Hapana, ndugu. Iko muzima. Ni miye niko naipumuzisha."

Aliogopa tajiri wake asije akasikia na kumrudisha kwenye kasia.

Kisha mvua zikakata barabara, na mkewe Domitille, aliyekuwa kwa wazazi wake kusini mwa mji, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto hakutoka. Basile akaenda na Generose kumchukua, akampakia mtumbwini kuelekea hospitali ya Uvira.

Kabla ya nusu ya njia, injini ikazima. Alichomoa plagi, cheche ilikuwapo. Akafungua mpira wa mafuta. Petroli ikadondoka tone moja moja, ikakoma. Akaupuliza, injini ikawaka kidogo, ikafa tena. Akagonga tangi, akasikia limejaa. Ya nini basi kufungua kifuniko? Damu ya Domitille ilikuwa ikilowesha mbao.

"Si weye ulisema mashini iko muzima?" Generose aliuliza.

Basile alishika kasia, akapiga maji huku akilia kama mtoto.

Walipofika Uvira, Domitille na mtoto aliyekuwa tumboni walikuwa wamekwisha kufa. Kilio cha Generose kiliwatoa watu nyumbani hata kule mtaa wa Kilibula. Ndipo Basile alipoeleza yote mbele yao. Félicien akafungua kifuniko, na tangi, ambalo sabuni ililinyima hewa hata petroli isishuke, likavuta pumzi kwa nguvu. Akakwangua sabuni kwa ukucha, akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikanguruma bila kukohoa hata kidogo.

"Ungeniambia tu, ndugu yangu," Félicien alisema, machozi yakimtoka.

Hakika, mficha maradhi, kilio humfichua.