Vigae Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Kimoja

Hapo zamani watu waliokimbia vita walijenga mji wao mpya. Jumbe Mbaruku akawaambia, "Kila mmoja wetu afinyange kigae, agandamize kiganja chake udongo ukingali mbichi. Tutavitandaza uwanjani kwa safu zilizo sawa, asibaki mtu nje."

Vikachomwa, vikahesabiwa: elfu mbili mia tano ishirini na kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha Zuwena, mjane aliyeingia mjini juzi na kifurushi kichwani.

Fundi Makungu akapanga safu za viwili viwili. Kikabaki kimoja. Akapangua, akapanga vitatu vitatu. Kikabaki kimoja. Vinne vinne, kimoja. Mpaka kumi kumi, kimoja! Na kila mara kilichobaki ni cha Zuwena.

"Kabla yake tulikuwa sawa," watu wakasema. "Mgeni ndiye aliyezidi. Aende zake!"

Zuwena akaenda kufunga kifurushi chake.

"Ngoja, dada," Makungu akamwita. Akakitanguliza kigae cha Zuwena, akapanga upya uwanja mzima. Safari hii kikabaki cha Jumbe mwenyewe.

"Haya," Makungu akasema akijifuta jasho, "na huyu tumfukuze?"

Watu wakainamisha vichwa. Lakini wengine wakashika lao: "Basi ajaribu kumi na moja! Ajaribu mia!"

Hapo akaja Mashavu, binti wa kadhi, aliyependa hesabu kama wenzake wapendavyo ngoma. Akajaribu kila safu hadi ya vigae hamsini, akasimama. "Yatosha. Safu ikizidi vigae hamsini, idadi ya safu haifiki hamsini. Geuzeni uwanja ubavu, mtakuta nimekwisha kuijaribu. Hesabu hii haigawanyiki, ila muwe msururu mmoja mrefu. Hakuna aliyezidi. Sisi sote pamoja ndivyo tulivyo."

Watu wakaduwaa. Hesabu kubwa hivyo, na hakuna awezaye kuivunja!

"Lakini uwanja wetu?" Jumbe akauliza kwa huzuni.

Shaame, mpiga ngoma, akacheka. "Wekeni kimoja katikati. Vilivyobaki vinagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa kila hesabu hadi kumi! Vizunguke kama miale ya jua."

Uwanja ukatandazwa miale kumi iliyo sawa, ukapendeza mno. Pakabaki pengo la kitovu.

"Zuwena," Jumbe akasema, "wewe ndiwe uliyeonewa. Chagua kiganja cha kukaa hapo."

Makungu akasema, "Mimi ndimi niliyekuvua lawama."

Mashavu akasema, "Bila mimi wangekulaumu mpaka leo."

Shaame akasema, "Bila mimi kusingekuwa na katikati."

Na bibi mmoja akapaza sauti, "Bila Zuwena kufika, tungegawanyika kama watu wengine wowote!"

Zuwena akawatazama wote wanne, machozi yakimlenga, akapiga goti penye pengo.

Je, enyi mnaosikiliza, nani alistahili kukaa katikati?