Hodi Mlangoni kwa Siwema

Mnyang'anyi hapigi hodi. Neno hili mmelisikia leo sokoni likimtoka mama mmoja, mkacheka, halafu mkataka kujua nani alilisema kwanza. Kaeni basi. Lilizaliwa katika mji mdogo wa reli, upande wa Morogoro, mwaka ule wa kipindupindu.

Palikuwa na mama lishe akiitwa Siwema. Supu yake ilijulikana hata na madereva wa malori wasiolijua jina la mji. Biashara ilipochangamka alichukua mkopo ajenge banda la maana na kununua friji. Dhamana akaweka nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Saruji ya banda haijakauka vizuri, kipindupindu kikaingia. Asubuhi umeongea na mtu, jioni unamzika. Bwana afya akapita akifunga vibanda vyote vya chakula, cha Siwema kikiwemo, na mwenyewe akafilisika hivyo hivyo, masufuria yake yakiwa safi yanang'aa.

Ikavuma kwamba dalali wa mnada ameshauza nyumba mbili mtaa wa nyuma. Kuanzia hapo Siwema akajifungia. Mlango komeo, dirisha pazia. Uji wa mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu, aliupika kwa mkaa kidogo sana, moshi usije ukamsema. Kila kishindo cha viatu nje kilikuwa ama dalali, ama watu wa afya waliokuja kumbeba mama yake kumpeleka kambi ya wagonjwa wa kipindupindu.

Ndipo hodi ikaja.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti ya mwanamke, ya upole.

Siwema akaganda. Mama yake kitandani akafumbua kinywa. Mtu wa zamani yule, hodi kwake haikuwa kitu cha kuachwa nje.

"Kari—"

Siwema akaruka, akamziba mdomo kwa kiganja. Pumzi ya mama yake ikampiga vidoleni. Nje ikaja hodi ya pili, kisha ya tatu. Halafu nyayo zikaondoka, maana mtu aliyelelewa hapigi hodi ya nne.

"Mwanangu," mama akanong'ona alipoachiwa, "unaniziba mdomo nisimkaribishe mtu?"

"Ni dalali huyo, mama. Wametuma mwanamke ili tufungue."

"We umemwona?"

"Nimwone ili naye anione?"

Kesho yake sauti ile ikarudi, na keshokutwa pia. Mwenye sauti hakutaja kilichomleta. Deni la mtu halipigiwi kelele barabarani, majirani wakasikia. Alimaliza hodi zake tatu, akaenda zake. Na kila alipoondoka Siwema alimshukuru Mungu, akijiona ameokoka.

Jumamosi moja asubuhi mlango ukaangukia ndani, komeo na yote. Vijana wenye mabuti wakapita moja kwa moja hadi chumbani. Nyuma yao dalali na kipaza sauti, kavaa glovu asije akashika ugonjwa.

"Toeni vyombo! We mama, shika mgonjwa wako."

"Hata hodi, baba?" bibi kizee akauliza.

"Hodi ya nini, bibi? Hodi hupigwa kwenye nyumba ya mtu. Hii ina mwenyewe hapa?"

Vijana wakacheka. Wakambeba na godoro lake, wakamlaza uani juani. Mnada ukaanza, na haukuchukua muda.

Mwanamke akatokea mbio, khanga imemshuka mabegani. Alikuwa Bi Tunu, msaidizi wa kisheria, aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba bila kulipwa.

"Ndugu yangu, subiri!" akamwambia dalali. "Mpe siku chache tu afike baraza la ardhi."

"Ungekuja na amri ya baraza, dada, ningegeuza pikipiki. Imeshauzwa."

Siwema alipoisikia sauti ile akageuka. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Nilitaka twende tukaombe mnada usimame, mkopo upangwe upya. Biashara yako imefungwa kwa amri ya serikali, si kwa uvivu wako. Lakini bila wewe mwenyewe ningesimama vipi mbele yao?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nisimame barabarani nitangaze deni lako, dada?"

"Nilidhani wewe ndiye dalali."

Jirani wa Siwema, Mzee Mkude, alikuwa amesimama hapo karibu. Naye alikuwa anadaiwa, mkopo wa mashine ya kukoboa. Yeye alimfungulia Bi Tunu, wakaenda barazani, na mnada wake ukasimamishwa. Mkude kwa kawaida ni mtu wa utani, ila siku ile hakutania.

"Siwema, mdogo wangu," akasema, "dalali gani umemwona akibisha mlangoni kwa adabu siku tatu? Mnyang'anyi hapigi hodi."

Siwema akaenda kumkinga mama yake jua kwa upande wa khanga.

Usiku huo walilala kwa Mkude, na neno lake likazunguka mji. Waliokuwa wamejifungia na madeni yao wakaanza kuitikia, huku wanatetemeka, wakiuliza dirishani, "Nani mwenzangu?" Bi Tunu akapata watu wa kwenda nao barazani. Nyumba ya Siwema haikurudi.

Basi siku ikiwafikia, sauti ikaita mlangoni nanyi moyo unawadunda, ulizeni ni nani. Anayekuja kuwamaliza hatawasubiri muitikie. Mnyang'anyi hapigi hodi.