Ufa wa Ukuta wa Kibla

Ndugu zangu, na nyinyi mama zangu mnaosikiliza nyuma ya pazia, leo nataka niwapeleke kwenye mji mmoja wa mwambao. Jina lake msiniulize, maana kila mtu atadhani ni kwao.

Mji huo una msikiti wa Ijumaa wa zamani sana. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba mtu akilala dirishani anaenea. Ndani kuna safu mbili za nguzo, dari ya boriti, na mihrabu iliyochongwa kwa mkono mpaka ukiitazama unasahau ulichokuja kuomba. Nani aliyeujenga? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ukoo wa Mzee Bwanaadi ulisema ni babu yao. Ukoo wa Mzee Famau ukasema, babu yenu alikuwa hata hajafika mjini!

Mwaka mmoja ukuta wa kibla ukapasuka, kutoka juu ya mihrabu hadi chini. Masika ilikuwa karibu. Mngedhani wazee wale wangeacha ubishi, sivyo? Thubutu! Kila mmoja alitaka autengeneze peke yake, ili sifa ziende kwa ukoo wake. Mzee Bwanaadi akafika mbali zaidi: akachongesha kibao cha marumaru chenye jina la babu yake, kiwekwe juu ya mihrabu. Mzee Famau akaapa kwamba kibao kile kikipanda ukutani, yeye na watu wake wataswali kwingine. Wiki tatu zikapita. Ufa ukawa unaingia mkono.

Hatimaye imamu akamwita Fundi Shee, mtu aliyekulia kwenye chokaa, akawaita na wazee wote wawili. Fundi akabandua lipu, akatoa jiwe moja kubwa la mbele, kisha la pili.

"Wazee wangu, hebu tazameni ndani."

Wakachungulia. Mzee Bwanaadi akashtuka. "Mbona ni kifusi kitupu?"

"Ndivyo ukuta ulivyo, mzee. Haya mawe makubwa ni uso tu. Katikati ni vijiwe, kila kimoja kama ngumi, vimeshindiliwa kwa chokaa. Vikimomonyoka hivi, haya makubwa hayana pa kushika. Sasa niambieni, vijiwe hivi alivileta nani?"

Bi Mwanakheri, ajuza aliyekuwa akifagia ua, ndiye aliyejibu kutoka mlangoni.

"Nyanya yangu alisimuliwa na nyanya yake. Walivileta kwa vikapu. Wanawake, watumwa, yeyote aliyekuwa na mikono. Majina yao hakuna aliyeyaandika, mwanangu."

Mzee Bwanaadi baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akatoka nje, akarudi amekumbatia kibao chake. Mzee Famau akakunja uso, akajua sasa ni ugomvi.

"Fundi, nipe nyundo," akasema Mzee Bwanaadi.

"Ya nini, mzee?"

"Hiki nacho kinafaa kuwa kifusi."

Akakivunja! Kibao kilichochongwa wiki nzima, akakivunja mwenyewe, kipande baada ya kipande. Mzee Famau alisimama ameduwaa. Kisha akavua koti, akapiga magoti, akaokota kipande chenye nusu ya jina la yule babu, akakisukuma ukutani kwa mkono wake.

"Mpangeni vizuri babu yenu," akasema. "Huku ndani bado pana nafasi."

Wakacheka, wazee wazima, chokaa mpaka kwenye ndevu. Masika ilipofika, ukuta ulikuwa umezibwa na umekauka, na wawili wale wakaswali bega kwa bega.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi, tukileta mkeka mmoja, tunataka utangazwe kwenye kipaza sauti. Tukitia rangi mlango, tunasimama karibu nao ili tuulizwe. Kweli si kweli? Nawauliza jambo moja tu. Alfajiri ya leo, nani aliyejaza maji kwenye birika? Wewe unamjua? Wewe je? Hata mimi imamu wenu simjui.

Lakini sote tumetia udhu. Haya, inukeni tunyooshe safu.